Jalidi ya Mwalimu

Sauti yake ilikuwa ya kuanulia. Kichomoze kiwingu kimoja nyuma ya milima, kidogo, cha kufunika sinia la wali tu, basi mama huyo keshapanda juu ya paa la nyumba yake, keshashika kiuno, na mtaa wetu mzima wa Azaiba unasikia: "Anueniii!"

Mtu asiye wa kwetu ataona ni kelele. Lakini sisi tuliotoka Unguja na Pemba, neno hilo limo miguuni. Kule karafuu zilikuwa zikianikwa majamvini, na wingu likija, mkubwa, mtoto, mgonjwa, mgeni, kila mtu huacha alichoshika akakimbia kuanua, maana karafuu ikirowa imekwenda. Hapa Maskati karafuu tulizonazo ni za kununua, za kutia kwenye pilau. Tunaanika mablanketi, mito, papa na kanzu. Lakini ukisikia "Anueni!" miguu inanyanyuka kabla hujafikiri. Nimemwona kwa macho yangu mkubwa wa idara, mtu ana dereva, kavaa kilemba chake cha kazini, anakimbia uani kubeba shimizi za mkewe. Dobi wa pembeni, Mhindi wa watu, Kiswahili chake chote kilikuwa neno hilo moja, na alilitii kuliko watoto wetu.

Na mara nyingi mvua haikuja. Mtaa mzima umeanua, jua linawaka, watu wamesimama milangoni na mablanketi mikononi.

"Mwalimu, mvua iko wapi?" nikamwuliza siku moja.

"Imekosea njia."

"Hukukosea wewe?"

"Mimi nilisema anueni. Nilisema itanyesha? Sikiliza maneno, mtoto wewe."

Mtoto mwenyewe mie, nna wajukuu.

Namsimulia kwa mambo ya zamani lakini hajafa, msije mkaniletea rambirambi. Kahamia Suhar kwa mwanawe wa kiume, na mtaa umepoa. Alizaliwa wapi, baba yake nani, kabila gani, hayo waulizeni wapenda nasaba, huku kwetu hawakosekani. Jina lake pia silisemi. Mwenyewe alipenda aitwe Mwalimu, na aliyemwita vyenginevyo hakuitikiwa.

Mimi nilimjua kabla ya Azaiba. Alinisomesha jiografia Unguja, darasa la sita, ndilo darasa langu la mwisho. Aliyenikatisha masomo namtaja: ni baba yangu mdogo, Sleyum. Tulipokuja Maskati alisema msichana asiyejua Kiarabu cha kuandika atachekwa shuleni, bora akae jikoni. Nikakaa jikoni. Sleyum mwenyewe Kiarabu chake mpaka leo ni cha kuombea chumvi.

Kwa hivyo somo la mwisho ninalolikumbuka sawasawa ni la jalidi. Jalidi, kwa asiyeijua, ni umande uliogandishwa na baridi ukawa mweupe juu ya majani, mtu angedhani kumemwagwa chumvi. Kitabuni palikuwa na picha: shamba tambarare lisilo mwisho, ardhi nyeupe, na mzungu mmoja wa makamo kavaa koti, kavua kofia kaishika kifuani, anaitazama ile ardhi. Mwalimu alikuwa akisimama mbele, chaki mkononi, na kusema: "Katika nchi za tambarare, majira ya machipuko yana maadui wawili." Na sisi darasa zima, jasho linatutiririka mpaka kwenye madaftari, tunaitikia kwa wimbo: "Jalidi alfajiri, na radi alasiri!"

Siku hiyo nikanyoosha mkono. "Mwalimu, wewe umeiona?"

Mwalimu akatazama dari, akatazama chaki. "Nimeiona."

"Wapi, Mwalimu?"

Hiyo "wapi" ndiyo iliyoniponza. "Toka nje," akasema. "Kapige magoti juani mpaka kengele ilie."

Nikapiga magoti. Jua la saa saba, kokoto chini ya magoti, na wenzangu ndani wanaimba jalidi alfajiri. Sidhani kama yuko mwengine duniani aliyeunguzwa na jalidi kwa jua.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikahamia Azaiba. Siku ya pili tu nimo kupanga vyombo jikoni, nikasikia juu ya paa la jirani: "Anueniii!" Sahani ikaniponyoka. Nikatoka uani, nikanyanyua kichwa. Naye akanitazama kutoka juu, akakunja uso, akafikiri, kisha akanyoosha kidole.

"Wewe," akasema, "si ndiye yule wa 'wapi'?"

Kuanzia siku hiyo jina langu la Zuwena likafa. Akaniita Wapi. Wapi njoo, Wapi nenda, Wapi una kitunguu? Hata mume wangu akaanza.

Alikuwa mtu wa mambo mawili yasiyokaa pamoja, na yeye aliyakalisha. Chukua radi. Alitusomesha radi ni umeme wa mawingu, haina uhusiano na vioo wala nguo nyekundu, huo ni ujinga wa watu wa zamani. Sasa miezi ya Machi na Aprili, mawingu yakipanda milimani na ngurumo ya kwanza ikasikika, ungemkuta mbio mbio anafunika vioo vya nyumba nzima kwa khanga, huku anakueleza.

"Kioo hakivuti radi hata kidogo," ananambia, mdomoni kabana pini. "Nishikie upande huo. Hakuna ushahidi wowote. Vuta, vuta, pale pameachia. Na wee, hiyo khanga yako nyekundu ivue."

"Si umesema hakuna ushahidi?"

"Radi imesoma wapi?"

Au chukua habari za hali ya hewa kwenye televisheni. Alikuwa na kifimbo chake, kile kile cha kuonyeshea ramani, nadhani alikuja nacho kutoka Unguja. Msomaji akisema mvua itapiga Batina, Mwalimu anagonga kioo cha televisheni kwa kifimbo: "Batina upande gani? Batina ndefu hiyo! Sema!" Yule kijana anaendelea kutabasamu. "Kaa chini," Mwalimu anamwambia, na kuzima.

Mkarimu, lakini mkali wa ukarimu. Ukila halwa yake kidogo, kakasirika. Ukila sana, kakutazama. Watoto wa mtaa aliwasomesha bure, na malipo yake kwao yalikuwa lazima wamwambie upepo wa siku hiyo umetoka wapi. Kuna kijana mmoja sasa ni rubani. Akija kumsalimia siku ya Idi, kabla hajakaa anaulizwa: "Umetoka wapi?" Naye anajua hajaulizwa yeye.

Sasa nifike kwenye goti langu.

Nchi hii ina ugonjwa mmoja mtamu. Wadi ni bonde kavu la mawe. Mwaka mzima unapita na gari lako huoni hata chura. Lakini mvua ikipiga milimani, maji hukusanyika huko yakashuka kwa mkupuo, rangi ya chai ya maziwa, na watu badala ya kuyakimbia huyaendea. Simu zinalia: "Wadi imeshuka!" Basi chupa ya kahawa, tende, mkeka, watoto, twende tukaitazame. Mwalimu kila mwaka alitukalisha barazani akatuonya. Maji hayana breki, alikuwa akisema, na mvua unayoiogopa ni ile usiyoiona, iliyonyesha mbali. Tunaitikia wote. Kisha simu ikilia, yeye ndiye wa kwanza garini, kiti cha mbele, chupa ya kahawa mapajani.

Alasiri moja ya machipuko, ngurumo ziko milimani, kwetu jua linawaka, akaja Nassor na gari lake la forwili. Nassor ni mume wa dada yangu Khadija, na ndiye mkosaji wa kwanza. Nawataja wote, maana hospitali wao walinitaja mimi, wakasema Zuwena ndiye aliyetaka kutembea. Tukafika wadini. Maji yalikuwa kidogo, hayafiki nusu ya tairi. Watu wamejipanga ukingoni na mikeka yao kama harusini.

"Shemeji," Nassor akanambia, "gari hii inapanda ukuta."

"Nassor, usivuke," Mwalimu akasema. Akatazama ng'ambo. "Lakini upande ule pana kivuli."

Basi Nassor akasikia hilo la pili. Akaingia. Mkosaji wa pili ni Hilali, mtu wa mchanga. Alikuwa akichimba mchanga wa wadi anawauzia wajenzi, na shimo lake akaliacha pale pale penye kivuko. Tairi la mbele likazama kwenye shimo la Hilali. Nassor akakanyaga mafuta, gari ikazidi kuzama. Ndipo tukasikia mlio, mithili ya lori linalomwaga kokoto. Maji ya mvua ya mbali yamefika.

Gari ikanyanyuka, ikageuka, ikapelekwa ubavu ubavu mpaka ikajibana kwenye mkunazi mkubwa. Mlango ukabonyea ukanibana goti, na sauti iliyotoka gotini nilidhani ni tawi. Nassor anasoma shahada. Mimi namlaani Nassor. Mwalimu akatoa kichwa dirishani, chupa ya kahawa kaikumbatia, akavuta pumzi, na akapiga kile alichokijua:

"Anueniii!"

Ukingoni wanaume wa Kiomani wamesimama, hawajui huyu mama anasema nini. Wakatazamana. Kisha kutoka nyuma ya umati ikaja sauti ya mtu mnene, Kipemba kitupu:

"Twaanua, Mama! Twaanua!"

Akatokea anakimbia, tumbo mbele, anajizongoa kilemba. Akakifunga na kilemba cha mwenzake, na cha mwengine, wakaleta na kamba ya gari, wakashikana mkono wakaingia majini. Walitutoa mmoja mmoja. Mwalimu alikataa kutoka bila chupa. Alipofika ukingoni alikaa juu ya jiwe, akaifungua, akammiminia yule bwana finjani ya kahawa. Mikono ilikuwa ikimtetemeka hivi kwamba kahawa yote ikaingia mchangani. Bwana akaipokea finjani tupu, akainywa, akaitikisa kwa adabu, akasema, "Ahsante Mama, inatosha." Ningemjua jina ningelitaja pia. Si wakosaji tu wanaotajwa.

Mkosaji wa tatu ni Mwalimu na kivuli chake. Hakuniomba radhi. Badala yake kila asubuhi aliniletea uji wa pilipili manga, akakaa kitako kitandani kwangu mpaka niumalize, na alifanya hivyo mpaka nikaweza kutembea.

"Mwalimu, sema basi," nikamwambia asubuhi moja.

"Niseme nini?"

"Unajua."

"Maliza uji."

Nikaumaliza. Lakini niliapa mambo mawili mbele yake: miezi ya mawingu sivuki tena wadi, na Nassor haniendeshi mpaka naingia kaburini.

Faida moja goti lilileta. Mvua ikitaka kuja, linauma, na mara nyingi linasema kweli. Habari ikaenea. Dobi akawa haanui mpaka aje kwanza mlangoni kwangu, ananionyesha goti lake mwenyewe kwa kidole, ananyanyua nyusi. Mwalimu alichukia. Miaka yote anapanda ngazi, leo anashindwa na mtu aliyekaa kitini. Akawa anapiga kelele juu ya ukuta:

"Wapi! Goti linasemaje?"

"Limelala."

"Liamshe!"

Kisha hata hivyo anapanda na kupiga "Anueni," ili lisije likatangulia.

Macho yake yalianza taratibu. Alikuwa akipita bila kusalimia, tukadhani kanuna. Kumbe presha ya macho. Daktari akampa dawa ya matone, akamweleza kuwa kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kinakwenda pia, ila polepole. Alibaki anaona katikati tu, sawa na mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Juu ya paa bado alipanda, anageuza kichwa kipande kipande akilitafuta wingu.

Alasiri moja, mwanzo wa Machi, nilikuwa jikoni kwake. Akamimina kahawa. Ikawa inaingia kwenye sinia, kando ya finjani. Nikaisogeza finjani chini ya kahawa, taratibu, asinione.

"Usinisogezee," akasema.

Kisha akaweka chupa chini.

"Wapi, nataka kuiona jalidi."

"Si uliiona?"

"Nataka kuiona tena."

Akanieleza alichosikia redioni. Kule milimani Jabal Akhdhar baridi imerudi, na miti ishatoa maua. Huku pwani tulikuwa tukilala na kiyoyozi, na kule juu jalidi huenda ikashuka. Jabal alikwisha kwenda mara nyingi, kama kila mtu, wakati wa komamanga, wakati ambao jalidi haipo. Wa baridi hakwenda hata mara moja. Nikajua kwa nini. Angesema anakwenda kutazama nini, yeye aliyeiona?

"Mwanao akupeleke," nikasema.

"Mwanangu atauliza."

"Na mimi siulizi?"

"Wewe ulishauliza," akasema. "Wewe ulishalipa."

Njia ya kupanda kule polisi hawaruhusu gari ndogo. Lazima forwili. Na mwenye forwili tunayemjua ni mmoja, Mungu ana mizaha yake. Nikamwambia Mwalimu mimi nimeapa. Akasema sawa. Hakunibembeleza hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Alichukua kitambaa akaanza kufuta kahawa kwenye sinia, anafuta pale ilipo kavu.

Nikampigia Nassor.

Niseme haki yake. Nassor wa safari ile si yule wa mkunazi. Kila tulipofika kwenye wadi, na wadi zote zilikuwa kavu kabisa, alisimamisha gari, akashuka, akavuka kwa miguu mpaka ng'ambo, akatazama juu milimani, akarudi, akasema "Bismillahi," ndipo tukavuka. Magari nyuma yanapiga honi. Mwalimu kiti cha mbele na chupa yake anamwambia, "Nassor, tutafika jalidi ishayeyuka," na mimi nyuma namwambia, "Nassor, nenda ukatazame tena."

Tulifikia kwa rafiki yake Nassor, mkulima wa kule juu, mtu mwembamba mwenye masikio makubwa na sauti ndogo. Mashamba yao ni ngazi ngazi kwenye jabali, yananyweshwa kwa falaji, yaani mfereji wa maji ya mlimani. Mipichi yake yote ilikuwa imetoa maua, waridi mpaka yanaumiza macho. Jua lilikuwa likienda kuzama. Mwalimu akageuza kichwa kipande kipande akaitafuta mbingu yote.

"Mashaallah," akasema, furaha tupu. "Hakuna wingu hata la dawa!"

Mwenyeji wetu akashika kichwa. "Mama, mimi naliomba wingu tangu asubuhi. Usiku mbingu ikiwa tupu, ardhi inalala bila shuka. Jalidi ikishuka juu ya maua haya, mwaka huu hakuna pichi, na mimi nna watu saba ndani." Alikuwa kafungulia maji ya falaji tangu adhuhuri kwenye ngazi zote, udongo urowe, ushike joto la mchana. Maji hayakufika ngazi ya chini kabisa, penye majani ya mbuzi.

Tulikaa na Mwalimu ukingoni mwa shamba, amejifunga blanketi, baridi inaingia kwenye meno. Baada ya muda akanigusa mkono.

"Yule mzungu wa kwenye picha," akasema. "Aliyeshika kofia."

"Namkumbuka."

"Nilidhani anaitazama kwa kuipenda."

Tulipoinuka, akaona kamba ya nguo uani. Nassor alikuwa kaimwagia kahawa kanzu yake njiani, kaifua, kaitundika pale.

"Anua kanzu yako," akamwambia.

"Mwalimu, hakuna wingu!"

"Nimesema anua."

Nassor akacheka, akaingia ndani. Na baada ya sala ya isha nilimsikia Mwalimu kwenye msala, mikono juu, sauti ya chini ambayo kwake yeye bado mtu wa chumba cha pili ataisikia: "Ya Rabbi, isije." Kisha akaongeza: "Na ikiwa lazima ije, basi ipite kando ya maua."

Kulipopambazuka, kitu cha kwanza kusikika ni Nassor. Alikuwa kasimama uani, kashika kanzu yake kwa mkono mmoja, na kanzu imesimama yenyewe, mikono imenyooka pande zote, ngumu kama ng'onda. Anaigonga kwa kidole, inalia ko, ko. Mwalimu alicheka mpaka ikabidi akae kizingitini.

"Nilisema nini? Nilisema nini mie? Miaka yote mnanicheka!"

Ndipo mwenyeji akapanda kutoka mashambani, pua nyekundu, anatabasamu masikio kwa masikio. Alhamdulillahi, maua yamesalimika, isipokuwa matawi machache. "Lakini kule chini kwenye majani ya mbuzi imeshuka," akamwambia Mwalimu. "Mama, njoo uitazame kabla jua halijafika."

Nikamshika mkono tukateremka. Ngazi ya chini ilikuwa bado kivulini. Mwalimu akasimama ukingoni, akageuza kichwa huku na huku, na nikaona kwamba haoni. Weupe ulikuwa mbele ya miguu yake na yeye anautafuta mbali, tambarare, isiyo mwisho, kama kitabuni.

"Hapo chini, Mwalimu. Karibu."

Akapiga magoti. Mzee yule, kwenye udongo ulioganda, akainama mpaka uso wake ukawa shubiri moja tu kutoka kwenye majani. Akatulia. Kila jani lilikuwa na ukingo mweupe, na pumzi yake ikilifikia, weupe unaondoka. Akaizuia pumzi. Akanyoosha kidole kimoja akagusa, akakitazama kidole, maji tu. Akagusa jingine.

"Zuwena," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Siku ile uliponiuliza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sikuwa nimeiona."

"Najua, Mwalimu. Darasa zima lilijua."

Akageuka haraka. "Nani alisema?"

"Hakusema mtu. Ulitazama dari."

Mabega yakamtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akafuta macho kwa ncha ya blanketi.

"Haya," akasema. "Niulize tena."

Nikanyoosha mkono, kama tulivyofunzwa. "Mwalimu, wewe umeiona?"

"Nimeiona."

"Wapi, Mwalimu?"

Akaweka kiganja chake chote juu ya majani. "Hapa."

Nikamnyanyua. Tulikuwa tunatetemeka wote wawili, meno yanagongana, miguu siihisi. Jua lilikuwa limeshafika kwenye ukuta wa mawe wa ngazi ya juu yetu, mstari mmoja mwembamba wa njano. Mwalimu akauona, au aliuhisi, sijui. Akanyoosha kidole.

"Sasa nenda. Kapige magoti juani."

"Goti hili halipigiki, Mwalimu. Unajua mwenyewe."

"Najua." Akanishika mkono vizuri. "Kile kivuli, Zuwena," akaanza.

"Twende," nikamwambia. "Hapa baridi."

Tukapanda taratibu, mie na goti langu, yeye na tundu lake la ufunguo, tukakaa kitako juu ya ule ukuta, bega kwa bega. Jua likatuingia usoni. Kule chini weupe ulikuwa unakwenda jani moja moja, na yeye wala hakuutazama tena. Alifumba macho, akanyanyua uso.

"Kengele ikilia," akasema, "nambie."